Radhi za Bibi na Ngazi za Uturuki

Nyote mlioniuliza nilipotelea wapi likizo nzima, na mbona nimerudi na mashavu kama andazi lililoumuka vizuri, haya, nimeandika. Nimechoka kusimulia. Kila nikifika katikati Mwanaisha hudakia kuuliza habari za yule mhudumu wa hoteli ya Diani, na safari inafia hapo hapo. Someni wenyewe. Na yule mhudumu ni binamu yangu, muache tamaa.

Najua mtasema hii si safari ndefu, kwa kuwa sikutoka nje ya kaunti ya Kwale ila siku ya mwisho, tena nilifika Mombasa tu. Lakini mama yangu mdogo aliruka kutoka Mombasa akafika Uturuki kwa muda mfupi kuliko tuliotumia sisi kutoka kwetu Msambweni hadi Golini. Ndege haisimami kula pweza. Sisi tulisimama.

Msambweni: ninageuzwa punda

Mama mdogo wangu anaitwa Mejumaa. Ni mdogo wake mama, na alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule moja ya Diani. Akapata kazi ya kufundisha Kiingereza watoto wa Kituruki, huko huko kwao. Habari za pasi na viza siwaelezi. Zilikuwa foleni juu ya foleni, nami nilikuwa nimelala.

Sasa mnajua desturi zetu. Mtu hapandi ndege kama anayekwenda sokoni. Anazunguka kwa jamaa, nyumba baada ya nyumba, anaaga, anaomba radhi, anakula, anaombewa dua, anakula tena. Na radhi kubwa kuliko zote ni za mama mzazi. Mama mzazi wa mama mdogo ni Bibi yangu wa Golini, na Bibi alikuwa ameshakataa.

Alikataa kwa simu. Mama yangu ndiye aliyefanya kosa la kumpa habari ile kwa simu, badala ya kwenda kukaa naye chini. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Uturuki ile ya nyumba zenye ngazi?" Kisha akasema radhi hatoi, akakata.

Lazima niwaeleze hizo ngazi. Bibi hutazama tamthilia ya Kituruki, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Huitazama jioni, halafu huitazama tena mchana wa pili ikirudiwa, asije akawa amepitwa na sura ya mtu. Katika tamthilia ile kuna jumba kubwa, na katikati ya jumba kuna ngazi, na hakuna binti aliyepanda ngazi zile akashuka kwa miguu yake. Mmoja alisukumwa. Mwingine aliteleza. Wa tatu alipewa chai na mama mkwe, akafika ngazi ya kati akaanza kuona wawili wawili. Kwa Bibi, hiyo ndiyo Uturuki, yote.

Mama mdogo alisema waziwazi: bila radhi za mama yake hapandi ndege, tiketi ioze. Aliyasema hayo huku anakunja nguo, sauti imetulia, na hapo ndipo nilipojua hatanii.

Nikakabidhiwa kazi mbili. Ya kwanza, kubeba kapu la zawadi. Ya pili niliipenda: kumwuliza maneno yake ya Kituruki mpaka ayashike. Kuna mwalimu mmoja wa Nyeri, Teacher Wambui, yuko huko siku nyingi, ndiye aliyemtafutia kazi. Kila asubuhi alituma sauti kwenye simu. "Mejumaa, hiyo grama utasoma pole pole. Kwanza shika maneno zitakuokoa kwa class." Basi yakafuata maneno ya kunyamazisha watoto, ya kuomba pole pole, ya kuuliza kama wameelewa. Kituruki kina herufi zenye vitone na mikia. Mimi hapa nimeyaandika kama yanavyosikika, anayetaka mikia aiweke mwenyewe.

Fikirieni utamu wake. Tangu darasa la kwanza walimu wananiuliza mimi maswali, na sasa nimepata mwalimu wa kumwuliza. Nikatunga sheria: akikosa neno, ananinunulia achari. Nilikula achari za embe mpaka ulimi ukapoteza ladha.

Shimoni hadi Mkwiro: kabati la bi harusi

Kwa haki tungeanza Golini. Mama kwanza, wengine baadaye. Lakini mama mdogo alianza na nyumba ya mbali kabisa, kwa Mjomba Shee, kaka yao mkubwa, anayekaa Mkwiro kule mwisho wa kisiwa cha Wasini na kutengeneza mashine za boti. Alisema anamtaka kaka yake amsemee. Mimi nilisema anaogopa. Akasema nibebe kapu.

Shimoni tulikaa sana. Boti ilikuwa tayari, nahodha tayari, abiria tayari, ila ilikuwa inasubiri kabati la bi harusi. Lilipofika lilikuwa kubwa kuliko chumba changu, na lina kioo. Wanaume wakabishana lilale au lisimame. Mama yake bi harusi akasema likilala ni mkosi, lisimame. Likasimama. Kwa hiyo tulivuka tukiwa tumejipanga pembeni kama walinzi, kabati limesimama katikati kama mheshimiwa, na kila nilipogeuka niliuona uso wangu mwenyewe una wasiwasi.

Mama mdogo hakuona bahari wala kabati. Alikuwa akinong'ona, "Yavash, yavash." Maana yake pole pole. Nahodha akadhani anaambiwa yeye, akapunguza mashine, tukachelewa zaidi.

Mkwiro tulipikiwa pweza wa nazi. Mke wa mjomba, Mama Fatuma, hajui kupakua kidogo. Anapakua kama anayefukia shimo. Nikamwambia mama mdogo huu ndio wakati wa neno lake, *doydum*, nimeshiba. Akalisema vizuri, na mkono akauweka kifuani kama alivyoelekezwa. Mama Fatuma akauliza ni nini hiyo. Akaelezwa. Akasema neno zuri sana, Mungu awape kheri Waturuki, na akamwongeza kijiko kingine cha wali.

Baada ya kula ndipo mama mdogo akaomba radhi. Mjomba alizitoa bila shida, akamwombea dua, tukaitikia amina. Halafu akauliza swali ambalo tuliulizwa kila tulikokwenda.

"Mama kasemaje?"

Mama mdogo akatazama vidole vyake. Akamwomba mjomba ampigie simu Bibi, amlainishe kidogo.

Mjomba Shee ni mtu mzima, ana mvi, amebeba mashine za boti begani maisha yake yote. Alivuta pumzi akasema, "Mejumaa, mimi nampenda mama, lakini simpigii. Tena umekosea. Umeanza mwisho. Akisikia umefika Mkwiro kabla ya Golini, utaomba radhi mara mbili."

Tukarudi Shimoni siku iliyofuata, kapu limekuwa zito kwa samaki wakavu tuliopewa. Mama mdogo hakutaka kuulizwa maneno njia nzima. Achari zikakatika.

Barabara kuu hadi Ukunda: abiria wadogo wa manjano

Kwenye njia panda ya Shimoni tulipata lifti ya pikapu. Mwenyewe anaitwa Mzee Mutua, Mkamba mwenye shamba upande wa skimu ya makazi, na alikuwa akisambaza vifaranga vya siku moja. Alitukubalia kwa sharti moja: tupakate maboksi. Basi nilisafiri kutoka pale hadi Ukunda nikiwa nimepakata boksi linalopiga kelele, na kila duka la chakula cha kuku tulisimama. Si kusimama kwa kushusha tu. Kila kifaranga kilihesabiwa, na kila mwenye duka alitaka kuchagua jogoo kutoka vifaranga vilivyofanana kama punje za mahindi.

Mzee Mutua aliposikia kuna Uturuki, alifurahi. Mke wake hutazama tamthilia ile ile. Wakaanza kuchambua na mama mdogo nani alimsukuma nani, mpaka tukapita duka moja tukalazimika kurudi nyuma. Kisha mzee akauliza bila kucheka.

"Na hiyo kazi iko sawa, mwalimu? Kuna msichana wa jirani alienda nje. Simu ikaacha kushika. Mama yake hujua ako salama ama hapana? Hajui."

Mama mdogo akamwambia ni shule, kuna Wakenya wengine, na akamchezea sauti ya Teacher Wambui. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema basi sawa. Lakini nilimwona mama mdogo ameshika boksi lake kwa mikono miwili, vifaranga vimetulia ghafla, kama navyo vimesikia.

Nikaona nimchangamshe. Nikamwuliza neno la kumwambia mtu unayemkuta kazini. Akajibu, *kolay gelsin*, kazi iwe nyepesi. Wambui alisema neno hilo linafungua milango yote huko: kwa mfagizi, kwa mkuu wa shule, kwa muuza mkate. Sisi tunasema pole kwa kazi, wao wanaiombea kazi yenyewe iwe nyepesi. Mzee Mutua alilipenda. Kila duka lililobaki aliingia akisema "kolagelsini", na wenye maduka wakadhani ni aina mpya ya chanjo ya kuku.

Diani: nyusi za mgeni

Ukunda tuliteremka kwa binamu Hamisi, mhudumu wa hoteli moja ya ufukweni. Huyo ndiye, Mwanaisha. Mrefu, ndiyo. Ana mchumba, ndiyo. Tuendelee.

Hamisi alitwambia hotelini kwake kuna bibi mmoja Mturuki, amekuja na mwanawe. Mama mdogo alishtuka kama aliyeambiwa mtihani umesogezwa mbele. Tukaenda kwa mlango wa wafanyakazi, tukakaa jikoni tukichungulia. Alikuwa mama mtu mzima mfupi, kitambaa kichwani amekifunga chini ya kidevu, anakula wali wa samaki peke yake.

Hamisi akatoka na bakuli la pilipili ya kukaanga, akamwonyesha kama aongeze. Yule bibi akainua nyusi. Kwetu mtu akiinua nyusi amekubali, hata mtoto mchanga anajua. Hamisi akamtilia. Yule bibi akainua nyusi zaidi, na ulimi ukalia *ntch*. Hamisi akaona huyu mgeni ana hamu, akamtilia tena. Nyusi zikapanda mpaka zikaingia ndani ya kitambaa. Hamisi akainamisha bakuli zima.

Mama mdogo aliruka kutoka jikoni. Wambui alikuwa amemwonya kuhusu jambo hilo na sisi tulicheka hatukutilia maanani: huko nyusi zikipanda, mtu amekataa. Alimshika Hamisi mkono, akaomba msamaha kwa Kiingereza, Kiswahili na Kituruki kilichochanganyika. Hamisi akataka ardhi ipasuke. Yule bibi alitazama sahani yake iliyogeuka nyekundu, akamtazama Hamisi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. Kisha akavuta viti.

Akanigeukia mimi, akasema, "Merhaba."

Jamani, nilitahayari. Mtu mzima ananiitikia marahaba na mimi bado sijamwamkia! Nikasema shikamoo haraka haraka, nikabusu mkono wake. Merhaba kwao ni salamu tu, ya kila mtu, lakini kubusu mkono wa mkubwa wanakujua, akanishika kidevu kama mjukuu wake.

Mwanawe alikuja, anajua Kiingereza, akatusaidia. Waliposikia mama mdogo anakwenda kufundisha kwao, yule bibi alibadilika. Alisimama. Akamwita *hojam*, ndivyo wanavyowaita walimu wao kwa heshima, na akamwagizia chai. Mama mdogo wangu, ambaye wazazi wa wanafunzi wake hapa humwita "wewe mwalimu", alikaa pale akiitwa hojam, na macho yakamlowa.

Tulipoaga ndipo tulipofundishwa jambo ambalo Wambui alilisahau. Mama mdogo alisema *gule gule*, ndilo alilolijua. Yule bibi akatikisa kidole, akamketisha tena. Mwanawe akaeleza: kwaheri za kwao ni mbili. Anayeondoka husema *hoshcha kal*, baki vizuri. Anayebaki ndiye husema gule gule, yaani nenda ukicheka. Aondokaye hawezi kujipa gule gule mwenyewe. Hupewa na anayebaki.

Mama mdogo akalirudia moyoni, nikaona midomo inacheza. Akasema hoshcha kal. Yule bibi akasimama mlangoni mpaka tukapotea, anasema gule gule, gule gule, na Hamisi kando yake ameshika sahani ya pilipili. Kabla ya kutoka tulikuwa tumepiga naye picha. Nyusi zote ziko mahali pake.

Kombani hadi Golini: habari inatutangulia

Kutoka Kombani tulichukua tuk-tuk. Mlima wa Kwale na tuk-tuk havielewani. Katikati ya mlima dereva alituomba tushuke, tutembee, tumkute juu. Tukatembea na kapu la samaki wakavu, na yeye akaendesha kando yetu taratibu akituhadithia matatizo ya mama mkwe wake. Tulilipa nauli ya kusindikizwa.

Mama mdogo alikuwa anapanga maneno. Atasema hivi, Bibi atasema vile. Nilimwambia aseme kolay gelsin kwanza. Akaniambia nibebe kapu.

Bibi tulimkuta uani, kakalia mbuzi, anakuna nazi. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea kukuna. Halafu, bila kuinua uso:

"Pweza wa Mkwiro alikuwa laini?"

Sijui nani alimwambia. Mkwiro na Golini ziko ncha mbili za dunia yetu, lakini habari haipandi tuk-tuk. Mama mdogo akapiga magoti pale pale kwenye machicha ya nazi, akaomba radhi ya kuanza mwisho. Bibi akamwambia anyanyuke, atachafua nguo, na radhi ile akaitoa kwa kutikisa kichwa. Ile nyingine hakuna aliyeitaja.

Mimi nikajaribu. Nikasema, "Kolay gelsin, Bibi." Nikamweleza maana yake. Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Na wewe umeshaanza," akanipa mbuzi nikune mwenyewe iwe nyepesi.

Golini: stima inapotea

Tulikula wali wa nazi, mchicha na wale samaki wakavu, wote tumetulia kama matangani. Kisha mimi na mama mdogo tukaosha vyombo uani, dirisha la Bibi liko wazi juu yetu, nikamrudisha kwenye maneno. Tulirudia yote, na kwaheri zote mbili, nani huondoka na lipi, nani hubaki na lipi, na lile la kwenda ukicheka nilimweleza upya kwa sauti kwa sababu maji yalikuwa yanapiga kelele.

Mchana tamthilia ikarudiwa. Tukakaa wote mkekani. Bibi akanyoosha kidole kwa binti aliyevaa koti jeupe.

"Unamwona yule? Naye alikuwa mwalimu."

Mama mdogo akafumba macho. Binti akaingia jumbani. Muziki ukabadilika. Akaweka mguu kwenye ngazi ya kwanza, mama mkwe akatokea juu na mkufu wake, binti akapanda, akapanda, na stima ikapotea.

 Kioo cha TV kikabaki cheusi na sisi watatu ndani yake. Jirani akasikika akilalamika kwamba kwake pia. Nilitaka kusema mzaha, nilikuwa nao tayari, lakini Bibi alitangulia.

"Mimi si mjinga, Mejumaa. Najua ule ni mchezo. Yule binti akianguka anainuka, anakwenda kula." Alikuwa bado anatazama TV iliyozimika. "Lakini Uturuki nyingine sijaonyeshwa. Nikifumba macho nikuwaze uko wapi, nitakuweka wapi? Nitakuweka mle mle, ngazini."

 Maneno yote mama mdogo aliyoyapanga mlimani yaliisha. Akachukua simu, akamwonyesha picha ya Diani. Bibi akaisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Huyu ndiye mama mkwe?"

Tukamwambia ni mgeni tu, mtu wa kule. Akaichunguza sana. Akauliza mbona hana mikufu. Akauliza mbona kitambaa amefunga kama Bi Mwanahamisi wa ng'ambo ya barabara. Tukamhadithia habari ya pilipili na nyusi, na pembe moja ya mdomo wake ikapanda kidogo, akairudisha chini. Akauliza yule mgeni alimwitaje mwanawe. Mama mdogo akasema, kwa aibu, "Hojam." Yaani mwalimu wangu, nikadakia, na yule mgeni alisimama alipolisema.

Bibi akarudisha simu. Stima bado.

"Niulize," mama mdogo akaniambia ghafla. Nadhani alitaka tu pawe na sauti mle ndani.

Nikaanza. Pole pole? Yavash. Umeelewa? *Anladin mi*. Nimeshiba? Doydum. Mtu yuko kazini? Kolay gelsin. Alikuwa anajibu vizuri, hakosi, mwalimu mwenyewe. Bibi anachambua mchele uliokwisha kuchambuliwa.

"Anayeondoka anasemaje?"

"Hoshcha kal," akasema, na sauti ikapungua.

"Na anayebaki?"

Akanyamaza. Nikadhani amesahau, nikafungua mdomo kumdai achari. Nikamtazama, nikaufunga. Hakuwa amesahau. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ameibana, halisemi, na mimi mjinga ndiyo kwanza nikaelewa kwa nini.  Mchele ukaacha kulia kwenye ungo.

"Gule gule," akasema Bibi.

 Alilitamka kama sisi tulivyolitamka uani, na kosa letu la matamshi ndani yake.

"Si ndilo hilo? Si nenda ukicheka?" Akaweka ungo chini. "Anayebaki si mimi?"

Mama mdogo alitambaa mkekani akaweka kichwa mapajani pake. Bibi akamwekea mkono utosini, akamwombea dua ndefu, na safari hii amina zangu zilitoka vibaya, kwa sababu koo lilikuwa na kitu. Msiniulize ni nini. Ilikuwa achari.

Alipomaliza alimpiga kofi dogo la bega. "Lakini ngazi usipande." Mama mdogo akaapa. Bibi akasisitiza kwamba akipewa chai na mama wa mtu yeyote, amwache mwenyewe anywe kwanza. Akaapa na hilo.

Stima ikarudi. Kwenye TV palikuwa na tangazo la sabuni, na baada yake jumba tupu, watu wamevaa nyeusi. Kilichotokea ngazini hatukukiona. Bibi alitufukuza mbele ya TV, halafu akatuma mtoto kwa Bi Mwanahamisi kuuliza, naye akasema stima ilipotea kwake pia.

Likoni, uwanja wa ndege, nyumbani

Siku ya kuondoka Bibi alikataa kuja Mombasa. Alisema ameshaaga, mtu haagi mara mbili. Tulivuka feri, mimi, mama na mama mdogo, na watu walikuwa wengi kiasi kwamba tulilia bila kuonekana. Uwanjani alipofika mlango ambao sisi haturuhusiwi, aligeuka akasema hoshcha kal. Mama yangu hajui hata neno moja la Kituruki, akasema haya, haya, nenda. Nikasema mimi lile jingine, kwa niaba ya nyumba nzima.

Baada ya siku chache sauti ikaingia kwenye simu ya mama. Nyuma yake watoto wengi wanapiga kelele, "Good morning, teacher," na mama mdogo anawaambia yavash, yavash. Anasema baridi ipo, anasema Wambui amempikia ugali, anasema watoto wanainua nyusi darasani naye bado anadhani wamekubali. Mwisho kabisa, kwa kunong'ona: nyumba aliyopewa iko ghorofa ya juu kabisa, lifti hakuna, ni ngazi mpaka basi, na mama, yaani Bibi, asisikie.

Mama akanituma Golini nikamchezee Bibi ile sauti, nizime kabla ya mwisho. Nikaenda. Nikamkuta mbele ya TV, jumba lile lile. Nikacheza sauti, Bibi akasikiliza akitabasamu, akacheka palipotajwa nyusi, na hapo nami nikacheka, na kidole changu kikasahau kazi yake. Ngazi mpaka basi, simu ikasema. Na mama asisikie.

Bibi hakugeuka. Kwenye TV binti mpya, koti jekundu, alikuwa anavuka ukumbi.

"Mwambie ashike chuma cha pembeni," alisema. "Na apande yavash."